Mahindi ya wazazi, mashine ya kijiji na virutubishi: jibu kwa kamati ya chakula ya shule

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya chakula ya shule ya msingi huku Mufindi, tuna wanafunzi 400. Kila mzazi anachangia kwa mwaka debe moja la mahindi na kilo 4 za maharage kwa mtoto mmoja. Mahindi tunakoboa na kusaga sembe kwenye mashine ya kijiji. Siku tatu watoto wanakula ugali na maharage, siku mbili makande, na kabichi ikipatikana. Wanashiba, lakini walimu wanalalamika kwamba mchana wanasinzia, na baadhi viganja vimepauka. Tumeshauriwa kutumia unga ulioongezwa virutubishi. Wa pakiti hatuuwezi bei. Je, tunaweza kununua virutubishi vyenyewe tukachanganya jikoni? Na hii bustani ya shule inasaidia kweli au ni ya kuonyesha wageni?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na lile linalohitaji jibu la haraka. Hapana, msichanganye virutubishi kwa mkono jikoni. Mchanganyiko unaowekwa kwenye unga ni mkali mno: kiasi chake huwa kilo moja au pungufu kwa tani nzima ya unga. Kwa kilo 48 za unga mnazohitaji kwa siku, hiyo ni chini ya gramu 50, yaani ujazo wa vijiko vichache tu. Hakuna mpishi mwenye mwiko atakayeweza kuzisambaza sawasawa. Mtoto mmoja atapata ugali usio na kitu, na mwingine atapata bonge lenye madini chuma kupita kiasi. Chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto. Kazi hiyo ni ya mashine. Nitarudi kwenye mashine, kwa sababu ndipo penye jibu lenu, lakini kwanza tuangalie hesabu ya ghala, maana kuna kitu kinavuja ambacho hamkuuliza.

Debe la mahindi lina kama kilo 18. Mkikoboa hadi sembe nyeupe, robo nzima inakwenda na pumba, na kwenye mashine yenye chekecho kali hata zaidi ya robo. Zinabaki kilo 13 na nusu za unga. Kwa gramu 120 za unga kwa mtoto kwa mlo, na siku za makande tukizihesabu kwa kipimo hichohicho, hizo ni siku 112. Mwaka wa shule una siku 194. Bila shaka ndiyo maana ghala linakauka muda mfupi baada ya likizo ya Juni, na mnaanza kupitisha daftari kwa wazazi tena. Debe hilohilo likisagwa dona, yaani bila kukobolewa, linatoa kama kilo 17 na nusu, sawa na siku 145. Kwa shule nzima, kama mahindi yote yanakobolewa, tofauti ni karibu magunia 16 ya kilo mia, na hakuna mzazi aliyeongeza punje. Hayo magunia 16 kwa sasa yanaliwa na nguruwe wa mwenye mashine, na kwenye hiyo pumba ndimo kilimokwenda kiini cha punje chenye mafuta, vitamini za kundi B, zinki na chuma kingi cha mahindi.

Hoja ya kwanza, basi, ni dona. Ila dona ina masharti yake, na watu wengi wanaoihubiri wanayaruka. La kwanza ni kuhifadhi. Kiini kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye unga yanachacha. Baada ya wiki tatu au nne ugali unakuwa na uchungu na watoto wanaukataa. Sageni unga wa wiki mbili tu kwa wakati. Kwenu ni siku 6 za ugali mara kilo 48, yaani kilo 288 za unga, au kama kilo 300 za mahindi kwa mkupuo.

La pili ni kubwa zaidi: sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na tangu hapo jina hilo linajulikana hata vijijini. Huku nyanda za juu tatizo lina sura yake. Mahindi yanakomaa mvua ikiwa bado ipo, yanakaa shambani yakisubiri jua, na kwa unyevu wa Mufindi magunzi yanaoza kuanzia ncha. Kuvu wa uozo huo wanazaa sumu nyingine, fumonisini, na sumu zote mbili hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Ukisaga dona ya mahindi mabovu, unampa mtoto sumu ambayo kukoboa kungepunguza. Kwa hiyo sheria ya ghala iwe hivi: mahindi safi yasagwe dona; mahindi yenye wasiwasi yachambuliwe kwa mkono, punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka, nyepesi na zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe, kisha kilichobaki kikobolewe. Uchambuzi huu akina mama wa kamati wanaujua kuliko mimi. Kinachokosekana ni mtu wa kukataa debe bovu mlangoni. Mpeni mtunza ghala mamlaka hayo kwa maandishi, la sivyo ataona haya kumrudisha jirani yake.

Ukavu wa mahindi mnaweza kuupima bila kifaa. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jazeni punje hadi theluthi, wekeni vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye kikaango, fungeni, tikiseni kwa dakika moja, kisha acheni ikae dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuingia ghalani. Yaanikwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo, hadi chumvi ianguke chini yote. Lengo ni asilimia 13 na nusu au chini yake. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, kipimo kinadanganya, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Sasa turudi kwenye mashine.

Tanzania ilipitisha kanuni mwaka 2011 kwamba unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula vinavyozalishwa viwandani viongezwe virutubishi. Kwenye unga wa mahindi vinaingia angalau madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Vitamini A inategemewa zaidi kwenye mafuta. Kanuni hiyo inawagusa vizuri watu wa mjini wanaonunua pakiti. Mkulima wa Mufindi anayekula mahindi yake mwenyewe na kusaga debe moja moja kwenye mashine ya kijiji, virutubishi vinampita pembeni. Ndivyo ilivyo kwa shule yenu: mnasaga ya kwenu, kwa hiyo unga wa pakiti hata ungekuwa wa bei nafuu usingekuwa suluhisho la akili. Kuuza mahindi ya wazazi kwa bei ya mavuno ili kununua unga kwa bei ya dukani ni kumlipa dalali mara mbili.

Njia inayofaa ni kubeba mahindi yenu kwenda kwa msagishaji mwenye kifaa cha kudondoshea virutubishi, ambacho wengi wanakiita dosifaya. Ni chombo kidogo kinachofungwa kwenye mashine. Mahindi yanavyopita, chenyewe kinadondosha kiasi kilichopimwa. Vipo kwenye mashine za kati mijini, na afisa lishe wa halmashauri yenu anapaswa kujua nani anacho. Kilo 300 kwa mkupuo ni mzigo unaomvutia msagishaji, tofauti na debe la mtu mmoja. Ndiyo maana nasema shule iko kwenye nafasi nzuri kuliko kaya. Kubaliana naye moja kati ya mawili: asage mahindi yenu yenyewe na kuongeza virutubishi kwa gharama ya usagaji pamoja na nyongeza kidogo, au mbadilishane, mpeleke mahindi kilo 300 na mwondoke na unga wake uliokwisha kuwekwa virutubishi. Napendelea la kwanza. Kwenye kubadilishana mtapewa sembe, na hamtajua mahindi yake yalikuwaje. Mwambieni mapema kwamba mnataka dona, kwa sababu baadhi wamezoea kwamba unga wenye virutubishi lazima uwe mweupe. Si kweli. Aina ya chuma inayotumika kwenye unga wa mahindi, chuma cha EDTA, imechaguliwa hasa kwa sababu inafyonzwa hata unga ukiwa na makapi.

Kwa macho hamtaona tofauti kati ya unga ulioongezwa na ule usioongezwa, wala kwa ladha. Mtajuaje kwamba hamlipii hewa? Ombeni daftari. Msagishaji makini anaandika tani alizosaga na kilo za virutubishi alizotumia. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko wa virutubishi. Kama mfuko unasema gramu 500 kwa tani naye kwa mwezi amesaga tani 20 akatumia kilo 3 badala ya 10, basi kifaa kinazimwa wateja wakiondoka. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na mahali mfuko ulipowekwa: uwe umefungwa, pakavu, pasipo jua. Kama mnashuku, unga unaweza kupimwa chuma maabara, na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, iliyochukua usimamizi wa chakula mwaka 2019, ndiyo yenye meno ya kumbana.

Kama hakuna mashine ya namna hiyo mahali panapofikika kwa nauli ya maana, msijilaumu wala msilazimishe. Kaeni na dona safi, na fedha zote mlizokuwa mtumie kwenye usafiri ziingie kwenye maharage na dagaa. Kusema kweli, hata mkipata unga wenye virutubishi, unahusu siku tatu za ugali tu. Siku za makande punje zinaingia sufuriani nzima, hazipitii mashine hiyo, na virutubishi havipo. Siku hizo ndizo zinazohitaji majani na dagaa zaidi, na kwenye ratiba nyingi za shule ndizo zisizo na chochote pembeni.

Maharage ndiyo shida yenu kubwa kuliko unga. Kilo 4 kwa mwaka, ukigawa kwa siku 194, ni gramu 20 kwa siku, na mchuzi wake mtoto anaona sura yake ndani. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ya maharage ina upungufu wa methionini, vyote viwili vikiwa vijenzi vya protini. Vikikutana kwa uzito wa takriban saba kwa tatu vinazibana pengo vizuri kuliko kwa kipimo kingine chochote. Kwa gramu 120 za unga, hiyo ni gramu 50 za maharage makavu. Shuleni kwenu ni kilo 20 kwa siku, na kwa mzazi ni kilo 10 kwa mwaka badala ya 4. Najua kikao kitapiga kelele. Nendeni nacho hesabu ya dona mkononi: mahindi hayaongezeki sasa, yanayoongezeka ni maharage. Kama kilo 10 hazipitiki, anzeni na 7, mkanunue pengo wakati wa mavuno, si Februari bei ikiwa juu.

Namna ya kupika nayo inakula virutubishi. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya ujazo wa maharage, kisha mwaga maji hayo. Kulowesha kunapunguza fitati, ile kemikali ya kwenye mbegu inayoshika chuma na zinki tumboni zisifyonzwe, na kunaokoa kuni. Huku juu kuni ni hesabu kubwa: kwenye mwinuko wa mita 1,900 maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu kuliko Morogoro hata moto ukiwa uleule. Wapishi wengi wanatatua hilo kwa magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 ya maharage. Acheni magadi, loweka, funika sufuria. Na maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni kabla ya kupunguza moto. Yakichemshwa kwa moto hafifu tangu mwanzo yanabaki na sumu yake ya asili na watoto watatapika.

Chumvi na mafuta ni mambo madogo, lakini mkiyafanya ovyo hamna mlichofanya. Nyanda zetu zilijulikana kwa rovu kwa sababu mvua imeosha madini joto udongoni kwa karne nyingi, na mboga inayoota hapa haina ya kutosha. Chumvi ndiyo njia pekee ya kuaminika. Nunueni ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, si ile ya mawe ya kwenye gunia lililo wazi. Hamisheni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi na mvuke wa jiko, na itieni chakula kikikaribia kuiva. Gramu 2 kwa mtoto zinatosha, yaani gramu 800 kwa sufuria zote.

Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Iringa na Makambako ni mazuri, tena yana harufu ya nyumbani, lakini yale ya kinu kidogo yasiyosafishwa kwa kawaida hayajaongezwa vitamini A. Yaliyoongezwa ni ya viwandani, na lebo inasema hivyo. Kwa mililita 5 kwa mtoto mnahitaji lita 2 kwa siku, madumu kama 20 ya lita 20 kwa mwaka. Duka linalopanga madumu meupe nje juani linawauzia mafuta yasiyo na vitamini: mwanga unaiua. Chukueni yaliyokaa ndani kivulini, na ghalani yafunikeni kwa gunia. Kama mtazamo wa kijiji ni kumuunga mkono mkamuaji wa hapo, sina ubaya nalo, ilimradi vitamini A mtaipata kwenye mboga. Na hapa ndipo bustani inapoingia.

Bustani ya shule mara nyingi ni ya kuonyesha wageni kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Gramu 60 za mboga ya majani kwa mtoto ni kilo 24 kwa siku. Kwa siku tatu za wiki ni kilo 72. Sukuma wiki iliyotunzwa wastani inawapa kama gramu 100 kwa wiki kwa kila mita ya mraba. Mnahitaji basi kama mita 700 za mraba, chini ya robo eka, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, takriban miche 2,600. Vile vituta vinne mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu vinatosha walimu tu. Kama robo eka yenye maji ya kiangazi hamna, ni heri kukubaliana na akina mama watatu au wanne wa jirani wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni: kilo kadhaa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ipimwe kwenye mizani, bei iwekwe kwa muhula mzima, malipo kila Ijumaa bila kukopa. Mkichelewesha malipo mara mbili mboga itakwenda sokoni Mafinga, na watakuwa na haki.

Aina ya mboga ni muhimu kuliko wingi wake. Kabichi inastahimili baridi na usafiri, ndiyo sifa yake. Kwa vitamini A ni dhaifu mno. Majani ya kijani kilichokolea ndiyo yenye kazi: mchicha, majani ya maboga, mnavu, sukuma, figiri, matembele. Wakati wa mvua majani ya maboga na mnavu yanapatikana karibu bure. Juni hadi Agosti, jalidi inapolamba mabonde ya Mufindi na Njombe, mchicha na maboga hufa usiku mmoja. Tegemeeni sukuma, figiri na karoti, na panda upande wa mteremko, si bondeni ambako baridi inatuama. Kuosha kuje kabla ya kukata, kukata kuje dakika chache kabla ya kupika, mfuniko uwekwe, dakika tano zinatosha, na maji ya mboga yasimwagwe. Vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta, kwa hiyo zile mililita 5 ziende kwenye mboga, si kwenye maharage.

Viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinasifiwa kila mahali na kwa haki: kipande cha gramu 125 kilichochemshwa kinakidhi mahitaji ya mtoto ya vitamini A kwa siku. Lakini viazi vitamu havipendi baridi. Kwenye Mufindi ya juu vinachelewa sana na mavuno ni kidogo. Nunueni kutoka kwa wa chini, upande wa Mbarali au mabonde ya Iringa, au msivisumbukie na badala yake mpate karoti na maboga yaliyoiva, ambayo yanastawi kwenu.

Parachichi ni utajiri ambao shule nyingi za Njombe, Rungwe na Mufindi zinaupita kila siku zikienda. Matunda yanayokataliwa na wanunuzi wa nje kwa ajili ya ukubwa au doa kwenye ganda hayana kasoro ya ndani, na msimu ukichanganya yanauzwa kwa bei ya kutupa. Robo tunda kwa mtoto, yaani matunda 100 kwa siku, inaongeza mafuta ambayo yanabeba vitamini A ya mboga ile ile iliyo sahanini. Yakatwe wakati wa kugawa, yakikaa yanakuwa meusi na watoto watayatupa. Mapera, limau na matunda damu yana kazi tofauti: vitamini C yake inafungua njia ya chuma cha maharage na cha unga. Kukamulia limau kwenye maharage ya kuiva, au kuweka kachumbari ya nyanya mbichi, ni gharama ndogo kwa faida kubwa.

Kinyume chake ni chai, na najua naandikia watu wanaoishi katikati ya mashamba ya chai. Chai pamoja na chakula, au mara tu baada yake, inazuia chuma kwa kiasi kikubwa. Kama shule inatoa chai ya rangi asubuhi na watoto wanakula mchana, haina neno. Ikienda pamoja na ugali, iondoeni, wekeni maji. Kama mnataka kitu cha asubuhi, uji wa gramu 40 za unga kwa mtoto ni bora.

Hapo kwenye uji naomba mjihadhari na unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi: mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga, na kadhalika. Nafaka tano ni nafaka tu, hazifanyi kazi ya tano. Karanga zikisagwa ndani ya unga zinachacha upesi, na ndizo zinazobeba sumukuvu kuliko karibu chakula chochote. Soya ikisagwa mbichi ina vizuizi vya kusaga protini tumboni. Ichemshwe kwanza kwenye maji yanayotokota kwa nusu saa, itolewe maganda, ianikwe hadi ikauke kabisa, ndipo isagwe. Sehemu tatu za mahindi au ulezi kwa moja ya soya iliyotayarishwa hivyo, basi.

Dagaa. Gramu 10 za dagaa wakavu kwa mtoto, mara mbili kwa wiki, ni kilo 8 kwa wiki kwa shule yenu. Ndicho chakula cha bei nafuu zaidi chenye vitamini B12, kalisi na chuma kinachofyonzwa bila tabu, na kula hata kidogo kunasaidia chuma cha maharage kifyonzwe. Wawe na vichwa na mifupa, maana kalisi iko humo. Msinunue dagaa wa chakula cha kuku hata kama bei ni nusu. Wameanikwa mchangani, wengine wakiwa wameanza kuharibika. Wasafisheni kwa maji ya vuguvugu mara mbili, kaangeni kavu, na kwa madarasa ya chini wasageni waingie kwenye mboga. Siku ya makande ndiyo siku yao. Mayai na maziwa ni bora zaidi, lakini kwa watoto 400 glasi ndogo tu ya maziwa ni lita 80 kwa siku, na sidhani kama mnaweza kuzibeba kila wiki. Yakipatikana ya msaada, karibuni.

Mtasikia kwamba mkifanya haya udumavu utaisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Iringa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni karibu 57 kwa 100, Njombe na Rukwa karibu 50, wakati taifa ni 30, na hii ni mikoa inayolisha nchi. Lakini udumavu unajengwa tumboni na ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Mlo wa shule haumrudishi aliyekwisha dumaa. Unachoweza kufanya ni kupunguza upungufu wa damu, kumfanya mtoto aamke kipindi cha saa nane, na kumwandaa msichana wa darasa la saba aingie kwenye uzazi baadaye akiwa na akiba ya chuma na foliki. Iringa hii ndiyo iliyopata sifa duniani kwa mpango wake wa lishe ulioanza 1983, na msingi wake ulikuwa watoto wa chini ya miaka mitano kupimwa uzito kijijini na kijiji chenyewe kujadili majibu. Wale wadogo wanaosubiri nyumbani wakati kaka zao wanakula shuleni wanahitaji kikao chao.

Wale waliopauka viganja wasisubiri ugali. Wapelekeni zahanati wapimwe damu, malaria na minyoo. Dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni msiziache zipite siku mtoto akiwa hayupo, wekeni orodha ya waliokosa. Virutubishi vya kwenye unga ni kinga ya polepole, si tiba ya mtoto ambaye damu imeshashuka.

Kwa kikao kijacho, kabla ya kuomba mchango mpya, nendeni na karatasi moja yenye mistari mitatu: hadi magunia 16 yanayookolewa kwa dona, kilo 10 za maharage kwa mtoto, na jina la msagishaji mwenye dosifaya pamoja na bei yake ya kusaga kilo 300 na nauli ya kwenda na kurudi. Mkutano ukikwama kwenye maharage, achieni magunia hayo 16: yauzwe Desemba au Januari bei inapopanda, fedha zinunue dagaa na mafuta ya muhula wa kwanza, na kilo za maharage zipandishwe mavuno yanayofuata.